Nyumba Isiyopumua

Mlango ulifungukia nje, na hilo ndilo lililomkera Shangazi. Mlango ukifungukia ndani, mtu aliyeanguka nyuma yake huuzuia kwa mwili wake, na anayekuja kumtafuta hupata dakika moja ya kujiandaa. Huu haukumwandaa mtu. Jumanne saa sita mchana, kufuli lilipotolewa, mkono wa marehemu ulitangulia kutoka. Uliangukia kizingitini, vidole vimechubuka hadi nyama, kama mkono wa mgeni aliyebisha hodi akiwa upande usio wake.

Leo ilikuwa Alhamisi. Kesho saa tatu asubuhi mwanamke mmoja angesomewa mashtaka ya kuua, na Shangazi alikuwa hajaridhika.

Kituo kizima kilimwita Inspekta "Shangazi", tangu mahabusu hadi Mkuu wa Kituo, Mkuu akiwa na shida. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, goti moja bovu, na namna yake ya kuhoji watu: akishauliza swali hunyamaza, kama mtu aliyetega kitendawili akasubiri apewe mji. Watu wengi humpa mji upesi, kwa kuwa ukimya wa mwanamke mnene aliyetulia ni mzito kuubeba.

"Soma tena hilo tangazo," alimwambia Koplo.

Koplo alikuwa amebakiza miezi minne astaafu, na alisoma kila kitu kama anayesoma bili ya maji. Kwenye mlango wa ghala la vitabu palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wa marehemu: Nikiwa ndani, usifunge mlango.

"Hiyo koma baada ya 'ndani' ni nyekundu," alisema Shangazi. "Maneno yote ni bluu."

"Wino umeisha labda."

"Ukaisha kwenye koma, ukarudi kwenye neno linalofuata?"

Koplo alikuna kidevu, akaandika kwenye daftari lake: koma nyekundu.

Ofisi hii ilikuwa ya watu wanaofasiri Biblia upya. Ghorofa ya chini palikuwa na mtambo wa kuchapia, na ghorofa ya juu kulikuwa na vyumba vinne na hili ghala lisilo na dirisha, lililonyunyiziwa dawa ya mchwa Jumatatu. Marehemu, mzee mwembamba aliyejua Kiebrania kuliko wote, waliyemwita Kamusi, alikuwa na pumu. Kila siku saa nne asubuhi alivua koti lake, akalitundika kwenye msumari nje ya ghala, akaingia kutafuta vitabu vyake huku mlango ukiwa wazi. Pampu yake ya pumu ilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Jumanne mtu alisukuma mlango, akatia kufuli, akachukua pampu kutoka kwenye koti. Hakukuwa na ngumi wala kisu. Mzee alibisha hadi pumzi ilipomwishia, na chini mtambo ulikuwa ukinguruma.

Ufunguo wa kufuli ulikaa siku zote kwenye droo ya mpiga chapa, mwanamke aliyeandika kurasa zao kwa mashine. Pampu nayo ilipatikana humo humo, chini ya karatasi za kaboni. Na ni yeye mpiga chapa aliyefungua mlango akamkuta mzee. Kamba hukatikia pabovu: Mkuu wa Kituo alimkamata kabla jua halijatua.

Kilichobaki kilikuwa sababu, na sababu ilikutwa juu ya meza ya marehemu. Ilikuwa fomu ya neno. Kila neno lililobishaniwa lilikuwa na fomu yake: juu, kisanduku ambamo mfasiri alinakili neno la asili kwa mkono wake mwenyewe, chini, uamuzi wake na sahihi. Bila fomu hiyo ukurasa hauendi mtamboni. Fomu hii ilisema: Nimekubali. Libaki "akazini". Na herufi K.

Mkuu alilieleza jambo hilo kwa kidole kimoja mezani. Kamusi alikuwa amemwahidi mpiga chapa kwamba atalitoa neno lile. Akageuka. Mwanamke akaona fomu, akapandwa na hasira, akamfungia. Basi.

Shangazi alimwuliza Mkuu kwa nini neno moja la kale liue mtu. Mkuu akamjibu kwamba hayo ni ya watu wa dini, yeye ana gari halina betri.

Walianza na msahihishaji, kwa kuwa chumba chake ndicho kilichokuwa jirani na ghala. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, nadhifu kama shuka la hospitali, na ofisi nzima ilimwita Koma. Kazi yake ilikuwa kusoma Kiswahili cha kila ukurasa kabla haujachapwa. Aliwakaribisha, akawamiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akamwekea Koplo sukari bila kumwuliza, akapatia.

Alisema alimpenda Mzee. Alisema kwamba saa nne na kidogo Jumanne alishuka chini na prufu, zile kurasa za majaribio, akapanda, akashuka tena. Hakusikia kitu; mtambo ukinguruma hata mawazo yako huyasikii. Kuhusu mpiga chapa hakutaka kusema neno baya. "Yule dada amepitia mengi," alisema, akajifuta kona ya jicho kwa kidole kidogo. "Mtu akionewa sana, afande, huwezi kujua siku atakayopasuka."

Shangazi alimwuliza habari za koma nyekundu mlangoni.

Koma alicheka kidogo, akaona haya. Ni yeye. Sentensi isiyo na koma humwasha kama upele; hata mabango ya barabarani husimama akatamani kupanda ngazi. Kisha Koplo alimaliza kuandika maelezo yake, akamsogezea atie sahihi, na hapo Koma hakuweza kujizuia. Alichukua kalamu.

"Samahani, baba. A zako zimeachama midomo. Hapa umeandika 'baba yake', inasomeka 'bubu'. Nisije nikatia sahihi kwamba baba yangu ni bubu."

Akaziziba. Aliinama juu ya ukurasa akaziba a moja baada ya nyingine, kwa alama ndogo ndogo safi, mpaka zote zikawa mviringo. Koplo alinyamaza kama mtoto anayefutwa kamasi mbele ya wageni.

Walipotoka, Shangazi alimwambia, "Umepata mwalimu."

"Nimeandika hivi miaka thelathini na miwili," alisema Koplo. "Majambazi wamefungwa kwa a hizi hizi."

Mwenyekiti wa wafasiri alikuwa mchungaji mrefu mwenye sauti ya kujaza ukumbi, na Shangazi alikuwa amemwekea matumaini makubwa. Ndiye aliyetaka neno libaki. Ndiye, miaka kumi na miwili nyuma, aliyelisoma neno hilo hilo madhabahuni, siku mpiga chapa alipotengwa na kanisa. Hilo Shangazi alikuwa amelichimbua mwenyewe jana, kwa mzee mmoja wa kanisa aliyetaka kuficha lakini alipenda kuongea zaidi.

Mwenyekiti hakuficha. Alifunga mlango, akawaeleza polepole kama anayefundisha watoto wa kipaimara.

Kuna habari ya kale ya Mlawi mmoja na suria wake. Yule mwanamke alimwacha mume akarudi nyumbani kwa baba yake. Swali ni kwa nini. Maandishi ya Kiebrania yana neno ambalo mahali pengine pote humaanisha kuzini. Lakini wafasiri wa kale waliogeuza maandishi hayo kwa Kigiriki waliandika kwamba alimkasirikia mumewe. Wengine husema neno lile la Kiebrania lilikuwa na maana mbili, uzinzi na hasira, kama vile Kiswahili kinavyosema "paa" la nyumba na "paa" wa porini. Kamusi alishikilia hasira. Alisema mzinzi hukimbilia kwa hawara, hakimbilii kwa baba yake. Na alisema mume asingefunga safari kwenda kumbembeleza mke aliyemfumania.

"Na wewe?" aliuliza Shangazi.

"Mimi nilisema tulifuate neno lilivyoandikwa. Hatuko hapa kumpendeza mtu."

"Habari yenyewe iliishaje?"

Mwenyekiti alitazama dirishani. Aliwaambia kwamba njiani kurudi walilala mji wa watu waovu. Watu wale wakaizunguka nyumba, na mume akamtoa yule mwanamke nje, kwao, usiku kucha. Asubuhi mume alifungua mlango akamkuta ameanguka pale mlangoni, mikono yake juu ya kizingiti.

Koplo aliacha kuandika. Shangazi aliuona tena mkono mwingine, juu ya kizingiti kingine, ng'ambo ya ukumbi huu huu.

Kisha akamwuliza Mwenyekiti alikuwa wapi Jumanne saa nne. Alikuwa akizika. Watu wapata mia mbili walimwona juu ya kaburi, kuanzia saa tatu hadi saa saba, na mmoja wao alikuwa mke wa Koplo.

"Ungesema mapema," Shangazi alimwambia Koplo kwenye ngazi.

"Hukuuliza. Na mke wangu alisema hotuba ilikuwa ndefu."

Basi lile tumaini likafa, nalo likazikwa siku hiyo hiyo.

Saa saba mchana alikuwa kwenye chumba cha mahabusu, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mbele ya mpiga chapa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mwenye vidole vyenye ncha ngumu kwa kupiga chapa. Tangu Jumanne alikuwa amejibu kila swali kwa "ndiyo" na "siyo". Koplo alisema huyo amekata tamaa. Shangazi aliona vingine. Aliona mtu aliyewahi kujieleza mara moja maishani mwake, mbele ya watu wengi, akaona faida yake.

Kwa hiyo hakumwuliza habari za Jumanne. Alimwuliza kwa nini alimwacha mume.

Mwanamke alikunja mkono wa blauzi. Mfupa wa mkono ulikuwa umeunga vibaya, una kona mahali pasipo na kona. "Niliondoka na ufunguo wa sanduku langu na kandambili moja," alisema. "Nikaenda kwa baba. Wiki ya tatu nikasikia nimezini. Nikauliza, na nani? Wakasema haina haja ya jina, Maandiko yanasema mwanamke akitoka hivyo amezini."

Mama yake alipofariki, aliketi msibani upande wa nje wa uzio, na uji akaletewa na mtoto. Alisimulia hilo bila kulia, kama anayesoma orodha.

Shangazi alitoa fomu kwenye bahasha ya vielelezo, akaishika mbele yake. "Nimeambiwa uliiona hii ukapandwa na hasira."

"Sijaiona mpaka leo."

"Basi itazame."

Alitazama maandishi ya chini, yale ya Kiswahili, na midomo yake ikakaza. Ulikuwa mwandiko wa Mzee kabisa. Kisha macho yakapanda kwenye kisanduku, kwenye neno la asili, yakatulia pale. Akasogea. Akaomba taa. Koplo akawasha tochi.

"Hii hakuandika Mzee," alisema.

"Umejuaje? Unajua Kiebrania?"

"Sijui hata neno moja, afande. Mimi najua sura zake tu. Nimezipiga miaka kumi na mmoja." Alinyoosha kidole bila kugusa karatasi. "Hii ya mwisho, upande wa kushoto. Mzee alinifundisha herufi kwa vitendawili, kwa sababu kichwa changu hakishiki majina. Kuna mbili zinafanana kama watoto pacha. Alikuwa akinitega: nyumba mbili pacha, moja yapumua, nyingine haipumui."

Shangazi alisogeza ndoo karibu. Bibi yake aliyemlea angempa mji kwa kitendawili kama hicho. "Haya. Nimeshindwa. Chukua mji."

"Zote zina paa na nguzo mbili. Lakini moja, nguzo yake ya kushoto haikufika kwenye paa. Kuna ufa, kama wa kutolea moshi. Hiyo ndiyo inayopumua. Neno hili linamalizika kwa inayopumua. Nimelipiga mara hamsini, kwa ajili ya ule ubishi. Na hapa..." Kidole kilisimama. "Hapa ufa umezibwa."

Koplo alileta tochi karibu mpaka akakaribia kuigusa karatasi. Kweli. Nguzo ya kushoto ilikuwa imeshikana na paa, tena si kwa kuteleza. Kialama kidogo, safi, kilikuwa kimeongezwa.

"Mzee asingekosea hata akiwa usingizini," alisema mpiga chapa. "Alikuwa akisema ukiziba ufa ule, neno linakufa mikononi mwako, na la pili linazaliwa ambalo hukulitaka."

Shangazi aliikunja bahasha taratibu. "Mama, neno hilo la 'akazini' likikutoka wewe, linakwenda wapi?"

"Neno kama lile halipotei hewani. Likitoka juu yangu, lazima likae juu ya mtu. Kanisa lilivunja ndoa yangu kwa sababu mimi ni mzinzi. Kama sikuzini, ndoa ile haikuvunjika. Basi aliyeolewa baada yangu, miaka tisa hii, anaishi na mume wa nani?"

"Na ni nani aliyeolewa baada yako?"

Mpiga chapa alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa kwanza tangu Jumanne.

"Kwani hukuambiwa? Kule ofisini kila mtu anajua, ndiyo maana hakuna anayesema. Nilidhani umeshakunywa chai yake."

Shangazi hakukurupuka. Lililokurupuka ni goti lake, aliposimama kwenye ile ndoo. Kwanza alirudi ofisini akafungua kabati la marehemu, na yeye na Koplo wakapitia fomu zake moja moja, mia mbili na kumi na mbili, wakitafuta herufi ile pacha. Iliyotakiwa kupumua, ilipumua. Hawakupata hata moja iliyozibwa kimakosa.

Kisha alimpelekea Mwenyekiti kisanduku kile peke yake, maneno ya chini yamefunikwa, akamwomba asome. Mwenyekiti alivaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Hii siyo 'akazini'," alisema, na sauti ile ya ukumbi ilikuwa imekwisha. "Ikiandikwa hivi ni 'akamtupilia mbali'. Akamkataa mumewe. Kuna wanazuoni wanaodhani ndivyo neno lilivyokuwa tangu mwanzo." Alikaa kitini. "Kamusi mwenyewe hakuthubutu kwenda mbali hivyo. Aliyeandika hapa ametetea upande wa yule dada kuliko alivyoutetea Mzee."

"Na hakujua," alisema Shangazi.

Mwisho alishuka mtamboni. Fundi wa mtambo alikuwa mtu mwenye mafuta hadi kwenye kope, na daftari safi kuliko uso wake. Kila ukurasa uliingizwa humo, saa yake, na aliyeuruhusu. Ukurasa ule uliruhusiwa Jumanne, saa nne na dakika ishirini na tano, kwa kauli ya msahihishaji: Mzee amekubali, fomu inakuja. Karatasi elfu tatu zilikuwa zimekwisha kuchapwa, zimefungwa kwa kamba pembeni, zinangoja kushonwa.

Lakini fomu yenyewe ilionekana na watu saa sita; Koma alijua kilichoandikwa humo kabla yao.

Saa kumi alasiri Koma alikuwa mezani pake, kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Shangazi alimwekea ukurasa mmoja uliopigwa chapa, akamwambia kwa upole wa shangazi wa kweli, "Dada, hebu nipitishie hii kama unavyopitisha zote. Tuseme inakwenda mtamboni sasa hivi."

Ilikuwa mistari sita ya Kiswahili yenye makosa ya makusudi, na katikati, neno la Kiebrania, kubwa, lililonakiliwa na mashine kutoka kitabu chenyewe.

Koma alitabasamu. Kalamu nyekundu ilishuka kwenye ukurasa kama kuku kwenye mtama. Koma hapa. Nukta pale. "Wameyaona" likagawiwa n yake iliyopotea. Alifika kwenye neno geni, akapita, akasita, akarudi. Ilimwasha. Akaweka kialama kidogo, safi, palipokuwa na ufa, akaendelea na mstari wa tano.

Koplo aliweka kikombe chini.

"Pale umefanya nini?" aliuliza Shangazi.

"Wapi? Ah. Wino haukushika, herufi imekatika. Mashine zetu hufanya hivyo sana."

"Unajua Kiebrania?"

"Hapana, afande, lakini herufi iliyokatika ni herufi iliyokatika."

Shangazi aliweka fomu ya marehemu kando ya ukurasa ule, kisanduku kando ya neno. Alama mbili, ndugu wa tumbo moja. Alitulia tu, mikono juu ya mkoba wake, akasubiri apewe mji.

Chini mtambo ulizimwa. Koma alitazama alama ya kwanza, kisha ya pili. Aliweka kifuniko kwenye kalamu. Alikivua. Alikirudisha.

"Ilikuwa imekatika," alisema.

"Haikukatika, mwanangu. Ilikuwa inapumua."

Alianza kuongea akitazama kikombe chake. Alisema hakumgusa Mzee, hata kidogo, Mungu shahidi. Alikuta Mzee hayuko mezani, na fomu aliyokuwa ameijaza ilikuwa imeandikwa "akamkasirikia". Aliichana, akaandika nyingine kwa mwandiko alioujua kuliko wake, kwa kuwa miaka miwili alikuwa akiusoma kila siku. Lakini Mzee angetoka ghalani akaiona. Kwa hiyo akasukuma mlango. Alitaka muda tu, mpaka ukurasa uchapwe.

"Na pampu?"

Koma aliizungusha pete yake kidoleni. Alisema ana watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili. Alisema ameitwa mke miaka tisa, akiingia kanisani wenzake humsogezea nafasi. "Neno moja, afande. Anatoka mzee mmoja na kitabu cha Kigiriki, na mimi kesho asubuhi ninaamka hawara, watoto wangu hawana jina. Ungefanyaje?"

"Nisingechukua pampu, nikaitia kwenye droo ya mwenzangu."

Koma alisogeza kikombe pembeni.

"Ulisimama pale mlangoni?"

"Kidogo."

"Ulimsikia akibisha."

"Mara ishirini na tatu," alisema Koma. "Siwezi kuacha kuhesabu, ni mazoea ya kazi. Halafu mtambo ukawashwa."

Koplo aliandika maelezo kurasa tatu, kwa mwandiko wake wa miaka thelathini na miwili. Akamsogezea atie sahihi. Koma aliyasoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka neno. Kisha akafungua kalamu, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuziba a. Alipofika kwenye "nilifunga mlango" aliziba zote mbili. Alipofika kwenye "hakupumua" alikaa kidogo, akaziba hizo pia. Hakuna aliyemkataza. Baada ya hapo ndipo akatia sahihi, na nukta mwishoni.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa Shangazi alipofika mahabusu. Mpiga chapa alisimama kwanza, ndipo akauliza kuna nini. Alipoambiwa ni nani, hakufurahi. Aliuliza watoto wale wawili watalala kwa nani leo. Kisha akauliza lile jambo jingine, akitazama sakafu.

"Na neno?"

Shangazi hakutaka kumdanganya. Mzee hayupo, Mwenyekiti ana kura, na wafasiri wataketi tena bila yule aliyejua. Huenda likabaki. "Ila zile karatasi elfu tatu," alisema, "nimezitia lakiri. Ni kielelezo cha mahakama. Haziondoki kabla ya kesi kwisha, na wewe unajua kesi zetu."

Mwanamke alifikiri. "Na fomu ile ya uongo?"

"Nayo ni kielelezo. Itasomwa mbele ya watu, herufi kwa herufi, na Mwenyekiti ndiye atakayeulizwa maana yake."

Kitu kilipita usoni mwa mpiga chapa. Si tabasamu, lakini kilipita njia hiyo hiyo.

Kulikuwa na daftari la kutia sahihi mlangoni. Koplo alikuwa amekwisha andika: Ameachiwa huru. Alimgeuzia, akampa kalamu, akangoja kwa unyonge wa mtu aliyesahihishwa vya kutosha kwa siku moja.

Mpiga chapa aliinama akasoma. A zote tatu zilikuwa zimeachama. Aliziangalia kitambo, moja moja, kwa jicho la kazi. Kisha akatia sahihi yake chini, akazipita bila kuzigusa, akatoka, na mlango akauacha wazi.